Mishumaa yote inaisha, lakini pesa ya kununulia nta haionekani: bei yangu ina kasoro gani?

#1 Utambi Mweupe
Habari zenu wanajukwaa. Natengeneza mishumaa ya nta ya soya kwa mikono, peke yangu, katika chumba kimoja cha nyumbani, na huu ni mwaka wangu wa pili. Kanuni niliyofundishwa tangu mwanzo ni kujumlisha vifaa vyote vya mshumaa mmoja, yaani nta, manukato, utambi, glasi, lebo na boksi, kisha kuzidisha kwa tatu: theluthi ya kwanza inarudisha vifaa, ya pili inalipa jasho langu, na ya tatu ni faida. Nina saizi mbili, glasi ya mililita 200 na glasi ya mililita 100. Ili tusipotezane kwenye sarafu, vifaa vya mshumaa mkubwa tuvihesabu kuwa 100, nami nauza 300. Vya mdogo ni 40, nauza 120. Wateja hawalalamiki, na midogo huisha kabla sijamaliza kubandika lebo za mkupuo unaofuata. Hata hivyo, kila ninapotaka kuagiza katoni mpya ya nta, sanduku ni tupu na nalazimika kumkopa mume wangu. Naomba mnisaidie kuona pesa inapopotelea.

#2 Daftari Jekundu
Dada, kabla hatujaigusa kanuni yako, tuambie mambo mawili: mshumaa mmoja unakuchukua dakika ngapi ukihesabu na kuosha vyombo, na unauzia wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na swali lako linanuka ukosefu wa daftari kuliko ukosefu wa faida.

#3 Utambi Mweupe
Asante. Nilipima wiki iliyopita kwa saa ya simu: ni kama dakika 15 kwa kila mshumaa, mkubwa au mdogo, kwa sababu kazi ya kupasha glasi, kunyoosha utambi, kubandika lebo na kufunga boksi haitofautiani. Nauza nusu kwa wateja wa moja kwa moja na nusu kupitia maduka mawili yanayochukua nusu ya bei.

#4 Mizani
Jibu lako liko kwenye ujumbe wako mwenyewe. Ukizidisha vifaa kwa tatu unachukulia kwamba jasho hupanda na kushuka pamoja na bei ya glasi, ilhali umetuambia kwamba dakika ni zilezile. Tuseme dakika zako 15 zina thamani ya 50. Mshumaa mkubwa ukimuuzia mteja mwenyewe unakuachia 300 ukitoa 100 ukitoa 50, yaani 150; mdogo unakuachia 120 ukitoa 40 ukitoa 50, yaani 30 tu. Sasa peleka dukani. Mkubwa unapata 150, ambayo yote inaishia kwenye vifaa na jasho, na hakuna kinachobaki. Mdogo unapata 60, wakati umeshatumia 90, kwa hiyo kila mshumaa mdogo unaoupeleka dukani unakurudisha nyuma kwa 30. Ndio huohuo unaofurahia kwamba unaisha haraka.

#5 Harufu Tamu
Mimi natumia kuzidisha kwa tatu mwaka wa nne sasa na sina tatizo. Faida ya asilimia 200 si ndogo jamani, tusimtishe mwenzetu.

#6 Mizani
Harufu Tamu, asilimia 200 hiyo ni nyongeza juu ya gharama ya vifaa. Ukiipima kwa bei ya kuuzia, vifaa ni theluthi, hivyo kinachobaki ni asilimia 66.7. Zote mbili ni hesabu sahihi, lakini mtu akichanganya hizi mbili anapopanga punguzo huumia, kwa sababu mwenye duka anapoomba asilimia 50 anaomba nusu ya bei, wala haombi nusu ya nyongeza yako. Na wewe, kama nakumbuka uzi wako wa zamani, huuzi dukani hata mshumaa mmoja, ndiyo maana kanuni hiyo haijakuuma.

#7 Harufu Tamu
Ni kweli siuzi dukani. Nakubali marekebisho, ila kanuni yangu siiachi.

#8 Mlinzi wa Mtaji
Ndugu Mizani umepiga hesabu nzuri sana, lakini hukujibu swali uliloulizwa. Dada hakuuliza kwa nini hatajiriki. Ameuliza kwa nini pesa ya nta haipo. Jasho lake halitoki sandukani, kwa kuwa hajilipi mshahara. Hata mshumaa mdogo uliouzwa dukani kwa 60 unarudisha 40 ya vifaa na kubakiza 20 taslimu. Kwa bei zake zote na njia zake zote za kuuza, fedha ya vifaa inarudi. Kama hairudi, basi kuna mahali inatoka au kuna mahali imekwama, na kupandisha bei hakutaonyesha mahali hapo. Dada, maduka yanakulipa lini?

#9 Utambi Mweupe
Duka moja hulipa siku 30 baada ya kupokea mzigo. La pili tunafanya mali kauli: nawaachia, wakiuza wananilipa. Sijawahi kuhesabu kilicho kwao kwa sasa.

#10 Mlinzi wa Mtaji
Basi hapo ndipo. Fuatilia safari ya katoni moja. Unainunua leo kwa pesa taslimu. Mishumaa ya soya unaiacha ipumzike wiki moja hadi mbili ili harufu ikae sawa kabla ya kuuza. Inaenda dukani, kisha unasubiri siku nyingine 30 hata kwa yule mlipaji mzuri. Hizo ni kama wiki sita kabla pesa ya katoni ya kwanza haijakurudia, na katikati umenunua katoni ya pili na ya tatu. Je, nusu mwaka huu unatengeneza mingi kuliko mwaka jana?

#11 Utambi Mweupe
Karibu mara mbili.

#12 Mlinzi wa Mtaji
Biashara inayokua namna hiyo hula pesa hata kama kila mshumaa una faida, kwa sababu kila mkupuo unadai vifaa vya kesho kabla mauzo ya jana hayajalipwa. Mimi niliwahi kufunga karakana yangu ya sabuni nikiwa na oda nyingi kuliko wakati wowote. Sikuwa nimekosea bei. Nilikuwa nimewapa wauzaji mtaji wangu wote waushike, na siku niliyohitaji mafuta sikuwa na kitu. Niliumia sana, kwa hiyo nalisema hili kwa moyo: usiguse bei kabla hujahesabu kilicho nje.

#13 Mnunuzi Tu
Mimi sitengenezi, nanunua tu, lakini naomba niseme jambo ambalo nashangaa hamjaliona. Mshumaa mdogo wa mililita 100 ni 120. Miwili ni 240, na imejaza mililita 200 zilezile ambazo mkubwa mmoja unauzwa 300. Mteja yeyote anayejua kujumlisha atachukua miwili midogo, apate harufu mbili tofauti, na abaki na 60 yake. Mimi hufanya hivyo kila mara.

#14 Daftari Jekundu
Mnunuzi Tu, umetufundisha wote. Kwa kawaida saizi kubwa humgharimu mteja pungufu kwa kila gramu kuliko ndogo, ila hapa ni kinyume, na chanzo ni kwamba kuzidisha kwa tatu kunaizidisha hata glasi ya kifahari ya mshumaa mkubwa. Dada, naomba utuoneshe vifaa vya mkubwa kimoja kimoja.

#15 Utambi Mweupe
Katika 100: glasi na kifuniko 38, manukato 24, nta 20, boksi na lebo 13, utambi na kibandiko chake 5. Nta nimeihesabu gramu 200 kwa sababu glasi ni ya 200, na manukato asilimia 8, yaani gramu 16.

#16 Mzee wa Nyuki
Simama hapo hapo, mwanangu. Hiyo 200 ni mililita, si gramu. Nta ni nyepesi kuliko maji. Mililita moja ya nta ina uzito wa kama gramu 0.9, na ya soya ikiwa imeyeyuka hupungua kidogo zaidi. Glasi ya mililita 200 ukiijaza hadi mdomoni inabeba kama gramu 180, na hakuna anayejaza hadi mdomoni. Weka glasi tupu kwenye mizani, irudishe sifuri, mimina hadi mstari wako, usome. Nadhani utaona kama 160.

#17 Utambi Mweupe
Nimepima sasa hivi. Ni 158, na nyingine 161. Nimebaki mdomo wazi. Kwa mkupuo wa mikubwa 20 huwa nayeyusha gramu 4,000 za nta na kutia gramu 320 za manukato, na kila mara kunabaki mchanganyiko mwingi, ambao namimina kwenye vikombe vidogo vya bati na kuwapa wateja kama zawadi. Nilidhani ni baraka ya kipimo.

#18 Mzee wa Nyuki
Mchanganyiko wako wote ni gramu 4,320. Glasi 20 kwa gramu 160 zinabeba 3,200. Kila mkupuo unagawa bure gramu 1,120, ambazo ni sawa na mishumaa mikubwa saba. Kwa gramu 160 na manukato ya asilimia 8 ya uzito wa nta, unahitaji nta gramu 148 na manukato gramu 12. Hapo ndipo pesa ya katoni ilipoenda.

#19 Mizani
Heshima zako, mzee, lakini la hasha. Yeye alipoweka bei alihesabu gramu 200 za nta na 16 za manukato kwa kila glasi, kwa hiyo mteja alishalipia hata kile kilichobaki kwenye sufuria. Zawadi zile zimemnyima akiba ambayo angeipata, lakini haziwezi kuwa zimetoboa sanduku, kwa sababu zilikuwa ndani ya hesabu ya 100 tangu siku ya kwanza.

#20 Mzee wa Nyuki
Naliona hilo na nakubali kwamba hesabu haijapungukiwa. Lakini sufuria imepungukiwa. Akiacha leo, katoni iliyokuwa inatoa mishumaa 20 itatoa 27, na haja ya kukopa itapungua bila kumgusa mteja hata mmoja.

#21 Karakana ya Nyuma
Naomba kuongeza jambo lisilohusu bei moja kwa moja lakini ni zito. Dada, lebo yako imeandikwa gramu 200 au mililita 200? Kama imeandikwa uzito wa gramu 200 na ndani mna 160, hilo si kosa la hesabu tena, ni kumpunja mteja, na sehemu nyingi sheria ya vipimo inalishughulikia. Rekebisha hilo kabla ya yote.

#22 Utambi Mweupe
Imeandikwa gramu 200. Nimeona aibu kwelikweli. Lebo zilizobaki nazitupa usiku huu, na zile zilizo madukani nitazifuata kesho.

#23 Harufu Tamu
Usijilaumu sana, wengi tulianza hivyo hivyo. Nirudi kwenye bei: kwa nini msiuze kwa saa za kuwaka? Mteja akijua mshumaa unawaka saa 40 na mwingine saa 20, analinganisha kwa haki.

#24 Mzee wa Nyuki
Saa za kuwaka usiziandike kwa kukisia. Pima mshumaa, uwashe saa nne, uzime, uache upoe, upime tena. Ukikuta umepungua gramu 16 basi unakula gramu 4 kwa saa, na gramu 160 zitakupa kama saa 40. Rudia hadi mwisho, maana karibu na kitako mwendo hubadilika, na utambi mnene zaidi hula nta haraka zaidi kwenye glasi ileile. Mishumaa inayochomwa kwa majaribio nayo ni gharama, na sijaona mtu yeyote hapa aliyeiingiza kwenye bei. Kila harufu mpya mimi huchoma isiyopungua mitatu kabla sijaiuza. Kwa upande wangu nta ya nyuki ndiyo sehemu kubwa ya gharama, sina glasi wala manukato, kwa hiyo nikizidisha kwa tatu hakuna atakayenunua. Mimi huchukua gharama ya nta jinsi ilivyo, naongeza ujira wa muda, kisha naongeza fungu dogo la hasara na majaribio.

#25 Karakana ya Nyuma
Mzee, nilijua tu kwamba uzi huu nao ungefika kwenye mizinga yako. Lakini la majaribio ni kweli kabisa. Dada, una harufu ngapi?

#26 Utambi Mweupe
Nauza harufu 14. Chupa za manukato kabatini ni 23.

#27 Karakana ya Nyuma
Kwa hiyo una chupa tisa ambazo hata huziuzi. Na kati ya zile 14, naamini tano ndizo zinazobeba biashara. Manukato ni 24 katika kila 100 ya vifaa vyako, ya pili kwa ukubwa baada ya glasi, na hupungua ubora kadiri yanavyokaa. Mimi sikubaliani na Mlinzi wa Mtaji kwamba pesa iko kwa wauzaji, wala na Mizani kwamba ni bei. Pesa iko kabatini, imefungwa vifuniko.

#28 Mlinzi wa Mtaji
Inaweza kuwa kote kuwili. Ila la maduka hupimika kwa simu moja, tuanzie hapo.

#29 Daftari Jekundu
Mimi bado nashikilia bei, na nitatoa pendekezo. Wengi katika kazi za mikono hufuata mpangilio huu: vifaa, jasho na fungu la gharama za kudumu vinajumlishwa, vinazidishwa kwa mbili kupata bei ya jumla, na bei ya jumla inazidishwa tena kwa mbili kupata rejareja. Hata tukiacha umeme, vyombo na nauli, mshumaa wako mdogo una 90, kwa hiyo jumla ni 180 na rejareja 360. Mkubwa una 150, jumla 300, rejareja 600.

#30 Mnunuzi Tu
Kwa 360 mimi nimeondoka, na wenzangu wengi pia.

#31 Mizani
Hofu ya kuondoka kwa wateja tuipime badala ya kuiogopa tu. Acha 360. Chukua nyongeza ya asilimia 10 kwenye mdogo, kutoka 120 hadi 132, kwa mauzo ya moja kwa moja. Leo mishumaa 100 inakuachia 80 kila mmoja baada ya vifaa, yaani 8,000. Kwa 132 kila mmoja unaacha 92, hivyo 87 inatosha kukupa 8,000 zako. Unaweza kupoteza wanunuzi 13 katika 100 usipungukiwe, na ukaokoa zaidi ya saa tatu za kazi. Ukifanya kinyume, ukatoa punguzo la asilimia 10 na kuuza 108, unabaki na 68, na utalazimika kuuza 118 ili ufike palepale. Ndiyo maana punguzo la kuvutia watu linaniogopesha kuliko nyongeza.

#32 Harufu Tamu
Mimi nilipandisha mara moja na mauzo yakaongezeka, nadhani watu waliona mshumaa una hadhi.

#33 Daftari Jekundu
Ilikuwa msimu gani?

#34 Harufu Tamu
Msimu wa zawadi, nakiri. Siwezi kuapa ni ipi iliyoleta wateja, bei au msimu.

#35 Chumba cha Pili
Nimesoma uzi wote kimya. Naomba kuuliza jambo ambalo wanaume wengi hapa hawaulizi: hilo sanduku la mishumaa ni la mishumaa peke yake? Mimi nilikuwa natoa humohumo ada za watoto, gesi na dawa, kidogo kidogo, na kwa kuwa sikujilipa mshahara niliona nina haki, na ninayo. Lakini jasho lile ambalo Mlinzi wa Mtaji anasema halitoki sandukani, kwetu hutoka kila siku bila kuandikwa.

#36 Utambi Mweupe
Dada Chumba cha Pili, umenigusa. Sanduku ni moja.

#37 Mlinzi wa Mtaji
Narudisha maneno yangu ya #8 kwa sehemu hiyo. Kama anachukua matumizi humo, basi anajilipa, ila hajui kiasi gani, na zile 50 za Mizani ni pesa halisi.

#38 Mizani
Na kama ni pesa halisi, basi mshumaa mdogo wa dukani kweli unamla mtaji, kama nilivyosema tangu mwanzo.

#39 Karakana ya Nyuma
Ila chupa 23 bado ziko kabatini, ndugu Mizani.

#40 Utambi Mweupe
Nimerudi baada ya siku nne. Asanteni wote. Nimepiga simu na kutembelea: kwenye lile duka la mali kauli kuna mishumaa 61, mingi ni mikubwa, na lile la siku 30 bado nalidai malipo ya mizigo miwili. Lebo zote nimebadilisha. Nimeyeyusha mkupuo mmoja kwa vipimo vya mzee na sufuria ilibaki karibu tupu, nikawaeleza wateja kwa nini hakuna vikombe vya zawadi. Nimeweka sanduku la pili kwa ajili ya matumizi yangu, na kila mshumaa ukiuzwa natia humo 50, hata ikiniuma. Midogo sitaipeleka dukani tena kwa 60. Nimewaambia bei mpya ya rejareja ni 150, na bado wanafikiri. Mkubwa nimeushusha hadi 280, kwa sababu ya maneno ya Mnunuzi Tu.

#41 Daftari Jekundu
Kuushusha mkubwa sikushauri. Dukani utapata 140 kwa kitu kinachokugharimu 150.

#42 Mzee wa Nyuki
Haumgharimu 150 tena, Daftari. Piga hesabu upya kwa gramu 148 na 12: nta inashuka kutoka 20 hadi kama 15, na manukato kutoka 24 hadi 18. Vifaa ni 89.

#43 Daftari Jekundu
Hata hivyo ni 139 pamoja na jasho. Anabaki na 1.

#44 Mnunuzi Tu
Midogo miwili sasa ni 300 na mkubwa 280. Mimi nitachukua mkubwa. Kuna wa mchaichai?